Bibi Yuko Juu ya Kiti

Mtaa mzima hakuna aliyekijua Kiingereza kumzidi Profesa. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Aliyasema jioni amesimama katikati ya chumba, upawa mkononi, mbele ya mama yake, baba yake na bibi yake, na hakuna aliyebisha kwa sababu wote walikuwa wanatafuna.

"Nipeni wiki moja tu," alisema. "Wiki moja, Mama ataongea Kiingereza mpaka wageni wenyewe waombe mkalimani. Akifeli, naosha vyombo vya nyumba hii mpaka siku nitakayooa."

"Basi utaviosha mpaka uote mvi," baba yake alisema. "Nani huyo wa kukupa binti yake?"

Baba alikuwa fundi viatu, na maneno yake yalikuwa kama misumari yake: mafupi, na yakiingia hayatoki.

Mama hakucheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sahani mapajani, vidole vimenyauka kwa maji kama kawaida yake akitoka kazini. Alikuwa akifua mashuka ya hoteli tangu Profesa anabebwa mgongoni. Sasa hoteli ilikuwa imepata wenyewe wapya, na wenyewe wapya walitaka kila mfanyakazi, hata wa kufua, aweze kumweleza mgeni kwa Kiingereza kitu kiko wapi. Siku ya mtihani angekuja mkaguzi kutoka makao makuu. Atakayeweza angebaki. Atakayeshindwa angepelekwa kwa wakala, na kupelekwa kwa wakala maana yake ni kusimama getini kila asubuhi na wenzako, mchaguliwe kama nyanya. Siku ukionekana umeiva kupita kiasi, unarudi nyumbani.

Viatu vya Baba vilileta mboga. Mashuka ya Mama ndiyo yaliyolipa chumba. Hilo halikuhitaji Kiingereza kulielewa.

"Ni mambo ya mahali tu," Mama alisema. "Sabuni iko wapi, taulo liko wapi. Msimamizi kasema hata mtoto wa chekechea anaweza." Aliisogeza sahani mapajani. "Akasema hivyo huku ananitazama mimi."

"Mwache atazame," Profesa akasema. "Wiki moja."

*

Shule ya Profesa ilikuwa na mwanafunzi mmoja na kifaa kimoja cha kufundishia. Kifaa chenyewe ni Bibi.

"Tazama, Mama. Kuna 'in', kuna 'on', kuna 'at'. Bibi, kaa kwenye kiti. Haya! *Grandmother is on the chair.* Bibi, nenda mlangoni. *Grandmother is at the door.* Rudi kitandani, Bibi."

"Mume wangu," Bibi alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake akiwa na raha na pia akiwa na hasira, "hii ni shule au ni gwaride?"

"Vumilia, Bibi. Elimu ni mateso."

"Mateso ya nani?"

Ili Mama asisahau, Profesa alibuni ishara za mikono. Ngumi ndani ya kiganja kilichokunjwa: 'in'. Ngumi juu ya kiganja: 'on'. Ngumi chini yake: 'under'. Kidole kimoja kikigusa ngumi: 'at'. Ngumi nyuma ya kiganja: 'behind'. Siku ya pili tu, chumba kizima kilikuwa kinapigana ngumi na viganja, na jirani akapita akauliza kama kuna ugomvi.

"Sasa *under*," Profesa alisema. "Bibi, ingia chini ya meza."

"Siingii."

"Sekunde moja tu, Bibi wangu."

"Chini ya meza sikai. Mimi si paka. Weka ndoo."

Wakaweka ndoo, tena chini ya kitanda, kwa sababu chini ya meza, kumbe, palijaa masanduku. *The bucket is under the bed.* Mama alirudia sentensi hiyo akikatakata mboga, akitandika, akichana nywele. Alirudia ile ya Bibi na kiti pia. Mdomo wake ulizoea, na kila ulipozoea, mgongo wake ulinyooka kidogo.

Lakini Bibi alikuwa na maswali, na maswali ya Bibi hayakuwa na adabu kwa walimu.

"Huyo nzi pale darini. Yuko wapi kwa Kiingereza?"

"*On the ceiling*," Profesa alijibu haraka.

"Juu ya dari?"

"Ndiyo, Bibi. Juu."

"Nzi kaning'inia kichwa chini miguu juu, yuko chini ya dari, mimi ninamwona kwa macho haya mabovu, wewe unaniambia yuko juu?"

Profesa alikuna kichwa. "Ni... inategemea na nzi."

"Na mtu aliyepanda basi?" Baba akadakia kutoka kwenye kona yake, amebana misumari midomoni. "Niliwahi kumsikia mtalii anasema yuko 'on'. Alikuwa ameketi kitini ndani, kama sisi."

"Zamani walipanda juu ya paa," alisema Profesa. "Ni lugha ya kihistoria."

Misumari miwili ilimponyoka Baba mdomoni kwa kicheko.

"Sisi ukisema mezani, nimekuelewa," Bibi alisema. "Mlangoni, nimekuelewa. Kitini, nimekuelewa. Tumeweka 'ni' moja mkiani, mambo yamekwisha, watu wanakula. Hawa wenzetu wana milango mitatu ya kuingilia chumba kimoja, na ukikosea mlango wanakunyima kazi."

"Ndiyo hivyo, Mama," mke wa mwanawe akamjibu taratibu. "Ndiyo hivyo hasa."

*

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya hoteli, mahali ambapo wageni hawakufika na ambapo rangi ya ukuta iliishia nusu ngazi. Maji ya bomba lililopasuka yalisambaa sakafuni mchana kutwa. Waya wa mashine kubwa ulipita katikati ya maji hayo, umefungwa utepe wa plastiki pale ulipochubuka. Wanawake walikuwa wamejizoeza kuuruka bila kuutazama, kama mtu anavyoruka mbwa wake aliyelala. Mlango wa dharura ulikuwepo, ila ulikuwa umezibwa na magodoro mabovu yaliyorundikwa mpaka juu.

Ukutani, kando ya meza ya pasi, palipita bomba la mvuke. Hapo ndipo aliposimama Mama Pasi, rafiki yake Mama na jirani yake wa nyumba ya pili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Alipoungua, Msimamizi alimwambia kwamba hakujua kusimama.

Siku moja kabla ya mtihani, Msimamizi aliteremka na vijana wawili wamebeba zulia jekundu kuukuu lililong'olewa kwenye ukumbi wa wageni.

"Litandikeni hapo," akaamuru, akionyesha palipo na waya.

"Na maji, bosi?" Mama Pasi aliuliza.

"Maji myafute. Mkaguzi akiondoka zulia linarudi juu, kwa hiyo msilikanyage sana."

Akawapanga mstari ili awasikilize. Alikuwa amewachagulia sentensi za kusema, za sabuni na za taulo, na za kwamba kila kitu kiko mahali pake. Ilipofika zamu ya Mama, alimrudisha mara ya kwanza, akamrudisha tena, na tena, si kwa kosa lolote ila ni kwa sababu wenzake walikuwa wanatazama.

"*The soap is on the shelf*," Mama alisema.

"Fungua mdomo! Sabuni gani hiyo isiyotoa povu?"

Wale vijana wa zulia walicheka. Mama alihisi masikio yake yanawaka.

"Na akiuliza mlango wa dharura?" aliuliza, akijaribu kuonyesha kuwa naye ni mwanafunzi mwenye bidii.

"Huo usiutaje. Sema yale niliyokupa. Hapa hatukuweka mwalimu wa jiografia."

Msimamizi alipopanda ngazi, Mama Pasi alilitazama zulia. Maji yalikuwa yameanza kulipanda kutoka kwenye kingo.

"Shoga," alisema, "leo tunaruka tusichokiona."

*

Asubuhi ya mtihani Profesa alivaa shati la Baba na kumsindikiza mama yake mpaka getini. Mpango ulikuwa wake. Mtihani ungefanyika katika ofisi ndogo ya bohari, na ofisi hiyo ilikuwa na dirisha linalotazama uwanja wa nyuma, wanapopakia mizigo. Yeye angepita na watu wa mboga, asimame nje ya dirisha, na Mama akikwama amwonyeshe ishara za mikono.

"Wakikukamata?" Mama aliuliza.

"Mimi? Mama, mimi nikisimama, nimesimama."

Ndani ya ofisi palikuwa na meza, viti vitatu, Msimamizi, na Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alimsalimia Mama kwa Kiswahili, akamkaribisha kiti, na hilo tu lilimchanganya Mama, kwa sababu katika ofisi ile alikuwa hajawahi kukaribishwa chochote. Kisha akaweka kadi ya picha mezani, akauliza kwa Kiingereza: paka yuko wapi?

Ilikuwa picha ya sebule. Kochi, kapeti, taa ya kusimama, meza ya vioo, na paka chini yake. Mama alitazama. Katika chumba chake hakuna kochi wala taa ya kusimama. Katika wiki nzima hakusoma paka. Alitafuta ndoo pale pichani, akatafuta kitanda. Akanyanyua macho dirishani, na kweli, Profesa alikuwa pale, amebandika uso kwenye kioo, ngumi moja hewani.

Mdomo wake ukafanya kile ulichozoea.

"*Grandmother is on the chair*," Mama alisema.

Msimamizi alicheka mpaka akashika meza. "Paka anamwita bibi! Na hata hayuko kitini!" Akamgeukia Mkaguzi. "Unaona ninaofanya nao kazi? Bora tumalize, bado wapo wengi nje." Jua lilikuwa linampiga usoni, akainuka akavuta pazia.

Dirisha likapotea. Kutoka nje ikasikika sauti ya mlinzi ikifoka, "We! Unafanya nini hapo?"

Lakini Profesa hakutikisika. Alisimama kama nguzo, kifua mbele, akamtazama mlinzi jicho kwa jicho mpaka mlinzi mwenyewe akaona aibu akaenda zake. Ila pazia lilikuwa limefungwa, na ndani mama yake alikuwa peke yake.

"Tuache picha," Mkaguzi alisema kwa Kiswahili. "Picha hizi hata mimi zinanichosha. Nieleze chumba unachokijua. Chumba unachofanyia kazi. Kiko vipi, kuna nini wapi. Kwa Kiingereza, polepole."

"Sabuni," Msimamizi alinong'ona. "Anza na sabuni."

Mama alianza na sabuni. "*The soap is on the shelf.*"

"Vizuri."

"*The towels are in the cupboard.*"

"Vizuri sana," akasema Msimamizi, akikusanya kadi. "Inatosha."

Mama alitazama zile kadi zinavyokusanywa. Alimfikiria Bibi, mguu wake mbovu, alivyosukumwa kutoka kitini kwenda mlangoni, mlangoni kwenda kitandani, wiki nzima, ili yeye aje aseme taulo liko kabatini. Kabati lenyewe halina mlango tangu mwaka juzi. Chini ya meza, pale ambapo hakuna aliyeona, mikono yake ilianza yenyewe: ngumi juu ya kiganja.

"*The water is on the floor*," Mama alisema.

Msimamizi akasimamisha mkono.

Ngumi ndani ya kiganja. "*The wire is in the water.*" Akapumua. "*We are in the water.* Kila siku."

"Anachanganya," Msimamizi aliingilia. "Anataka kusema ndoo ya maji, yaani kwamba..."

"Usinitafsirie," Mama akasema. Sauti haikupanda. Ilikuwa sauti ileile anayomwambia muuza mboga kwamba fungu hili limeoza. "Jana umeniambia nifungue mdomo. Nimeufungua."

"Wewe mama, unajua unazungumza na nani?"

"Nazungumza na huyu dada. Kaniuliza chumba changu." Akamgeukia Mkaguzi. "*The door is behind the mattresses.* Mlango wa moto. *The hot pipe is on the wall. My friend is at the pipe.* Mkono wake..." Kiingereza cha mkono hakuwa nacho. Akakunja mkono wake mwenyewe wa gauni, akapitisha kidole kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja, taratibu, ili ionekane vizuri.

Mkaguzi alivaa miwani.

"Imetosha!" Msimamizi alisimama. "Mtihani umekwisha, umefeli, toka nje!"

"Sijamaliza. Nina 'under' yangu, nimeisomea." Mama hakuinuka. Alikuwa amekaribishwa kiti, na alikikalia kama mtu aliyekilipia. Safari hii mikono aliiweka juu ya meza, mbele ya wote wawili, ngumi chini ya kiganja. "*Today the wire is under the carpet.* Zulia si letu. *The carpet is for you.*"

Mkaguzi alimtazama Msimamizi, Msimamizi akazitazama kadi kana kwamba yule paka angeweza kumtetea.

"Twende chini," Mkaguzi alisema.

*

Mama alirudi nyumbani mchana, kabla ya saa za kutoka. Baba alipomwona mlangoni mapema vile alitema misumari yote kiganjani.

"Wamekufukuza?"

"Sijui. Msimamizi kaniambia nikachukue vitu vyangu kabatini. Nikamwambia vitu vyangu viko mahali pake, na mimi nitarudi nivikute hapo hapo." Akavua viatu. "Mkaguzi kainua zulia kwa ncha ya kiatu, kaona maji, kaona waya. Kisha kaniambia nenda nyumbani, utapata habari. Ndiyo hiyo habari, bado haijafika."

Baba aliiweka misumari chini. Alikwenda kumletea maji ya kunywa, jambo ambalo Bibi alilitazama kwa makini kama muujiza.

"Nimefanya makosa?" Mama aliuliza, na haikujulikana anamuuliza nani.

"Umesema uongo?" Bibi akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi kunywa maji."

Maneno yaliyobaki yalikuwa ya Profesa. Aliingia shati la Baba likiwa na mafuta meusi mgongoni, akasema amejikwaa, akachukua nafasi yake ya kawaida katikati ya chumba, na akasimulia. Alieleza jinsi alivyosimama dirishani. Alieleza mlinzi alivyokuja na rungu, na yeye alivyomwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba ana haki ya kusimama, na mlinzi alivyorudi nyuma hatua kwa hatua. "Ile 'under the carpet'," alimalizia, maana Mama alikuwa amekwisha kuwasimulia sentensi zake zote, "Mama, hukuiona ishara yangu, lakini ilipita. Ilipita kwenye pazia. Mambo ya damu hayo."

Jioni, jua lingali linagusa bati, Mama Pasi alibisha hodi akaingia bila kungoja karibu. Bado alikuwa na aproni ya kazini.

"Shoga, kaa, usisimame," alisema, ingawa Mama alikuwa amekaa. "Ulivyoondoka, yule mtu katuambia turudi kwenye mashine. Nikavua viatu vyangu, nikavipanga juu ya ngazi, nikakaa. Nikamwambia miguu yangu haiingii tena kwenye yale maji mpaka waya utoke. Wenzangu nao wakavua. Ngazi nzima viatu! Mzee, ungekuwepo ungepata kazi ya mwezi."

"Halafu?" Baba akauliza.

"Halafu mashuka yakarundikana, wageni juu wanauliza mashuka, na Mkaguzi kakaa na sisi pale pale ngazini. Mafundi wa umeme wamekuja alasiri. Magodoro yametolewa, mlango umefunguka, kumbe nje kuna upepo mzuri namna ile! Sasa, habari yako." Akamshika Mama bega. "Mtihani umefeli. Yule paka umemfeli kabisa, hakuna namna. Lakini hakuna anayepelekwa kwa wakala. Mkaguzi kasema mbele yetu, na yule mtu yupo. Kesho unaingia kazini kama kawaida, na mtihani tutarudia wote, humo humo chumbani, bila picha."

Mama alifunika uso kwa viganja vyake vilivyonyauka. Mabega yake yalitikisika, na haikuwa rahisi kujua kama ni kilio au kicheko, mpaka alipoondoa mikono.

"Nitamfeli paka mara ya pili," alisema, "lakini chumba changu sikifeli."

"Yote hayo," Profesa akasema, akitikisa kichwa kwa unyenyekevu, "ni kwa sababu mtu fulani alisimama imara dirishani."

Mama Pasi alimgeukia polepole.

"Dirishani? Wewe?"

"Mimi, shangazi. Mlinzi alikuja, sikutikisika."

"Mwanangu, mimi nilikuwa kwenye foleni ya mtihani, mlango wa nyuma uko wazi. Mlinzi kasema 'we!' mara moja tu, tena alikuwa anamfokea mbuzi wa jirani. Ulivyopotea pale, nikadhani ardhi imekumeza. Mpaka lori la mizigo lilipowashwa ndipo nikaona miguu yako inachungulia. Dereva kakuvuta nje kwa kifundo."

Yale ya nguzo, kifua mbele na jicho kwa jicho, yaliyosimuliwa huko nyuma, tuliyapokea kwa Profesa mwenyewe, na tuliyaandika kwa nia njema.

Baba alimgeuza kijana, akayatazama mafuta meusi mgongoni mwa shati lake, akamrudisha alivyokuwa. Mama alisukuma beseni la vyombo kwa mguu, likaserereka mpaka likakoma mbele ya mwanawe. Profesa alifungua mdomo. Lakini kutoka kwenye kiti chake, ambako alikuwa ameketi bila kuamrishwa na mtu, Bibi aliinua mikono yake yenye mishipa, akaweka ngumi chini ya kiganja, na akasema kwa sauti safi, neno moja baada ya jingine:

"*Profesa is under the car.*"

Profesa alilitafuta kosa la kusahihisha. Akalikosa. Akachutama, akaanza na sahani.